Tungo za Wazee Wetu na Ibada ya Kila Siku

Ndugu msomaji, kuna suali moja ambalo haliishi kuulizwa katika vyuo vyetu na katika baraza za misikiti, nalo ni hili: kutunga shairi na kuliimba ni katika dini, au ni katika mchezo? Vijana wanaouliza, mara nyingi huwa wameshakata shauri kabla ya kujibiwa. Mmoja amesikia ya kuwa kila wimbo ni haramu, basi akimsikia bibi yake anavuta kasida jikoni humnyamazisha. Mwengine amesikia ya kuwa wimbo wowote uliotajwa ndani yake jina la Mtume (S.A.W.) ni halali, hata ukiwa na mahadhi ya ngoma ya ulevi. Wote wawili hawajapata kujiuliza hao wazee walitunga kwa haja gani, katika wakati gani, na kwa adabu gani. Jambo hili ni la tarikh kabla halijawa la fatwa, na ndiyo maana tumependa kulieleza kwa njia ya khabari za watu na miji.

Tuanze na asili. Sura ya 26 katika Kur-ani Tukufu imeitwa kwa jina la washairi. Aya zake za mwisho, kuanzia ya 224 hata ya 227, zinawalaumu washairi ambao maneno yao hayana mafungamano na vitendo vyao, kisha zinawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, na wakamtaja Mwenyezi Mungu kwa wingi. Watu wengi huisoma lawama wakaiacha istithnai. Nawe tazama, ndugu yangu, istithnai hiyo imefungamanisha shairi na nini: na imani, na amali, na dhikri. Maana yake ni kuwa mshairi hapimwi kwa utamu wa vina vyake, bali kwa maisha aliyonayo nyuma ya vina hivyo.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyewekewa mimbari ndani ya msikiti wa Madina akasimama juu yake kumtetea. Imepokewa katika hadithi sahihi ya kuwa baadaye, zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar, Umar alimkuta Hassan anasoma mashairi msikitini akamtazama jicho la kumkataza. Hassan akamjibu ya kuwa alikuwa akiyasoma hapo hapo na ndani ya msikiti yumo aliye bora kuliko yeye Umar, kisha akamtaka Abu Huraira awe shahidi, naye akashuhudia. Umar, pamoja na ukali wake wote, hakurudi kusema neno.

Lakini khabari iliyo karibu zaidi na maudhui yetu ni ile ya Khandaq, katika mwaka wa tano wa Hijra, yaani mwaka 627. Waislamu walikuwa wakichimba handaki kwa njaa na baridi, na Mtume mwenyewe akibeba udongo mpaka vumbi likalifunika tumbo lake. Naye katika kubeba huko alikuwa akiyasoma kwa sauti mashairi ya Abdullahi bin Rawaha, ambayo ndani yake mlikuwa na shukrani ya uongofu na maombi ya utulivu, na akifika mwisho wa ubeti huivuta sauti. Hapa ndipo pa kuzingatia. Haikuwa harusi wala karamu. Ilikuwa ni kazi ya sululu na kikapu, watu wana hofu ya adui, na ubeti ukawa unaibeba kazi na kuigeuza kuwa ibada. Basi mwenye kusema ya kuwa utungo hauna mahali katika siku ya kawaida ya Muislamu, na aizingatie siku hiyo.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliuandikia mlango mzima mas-ala haya ya kusikiliza, akaeleza ya kuwa hukumu yake hubadilika kwa kubadilika wakati, mahali na watu wanaokaa pamoja. Hapo tumwache, maana mlango wake ni mrefu na wenye kuutaka wanajua pa kuupata.

Sasa tuje kwetu pwani. Ukiufungua utenzi wa kale, aghlabu utamkuta mtungaji haanzi na kisa chake. Huanza kwa kutaka karatasi na wino, na mara nyingine humwagiza mtoto au mwandishi amletee vyombo hivyo. Kisha huandika Bismillahi, humhimidi Mola wake, humsalia Mtume na Aali zake na Sahaba zake, ndipo huingia katika maneno aliyoyakusudia. Na anapomaliza hutaja jina lake na mji wake, hutaja mwaka, huenda akazihesabu na beti zake, kisha huomba radhi kwa makosa na huwataka wasomao wamuombee maghfira. Wataalamu wa siku hizi wameyapa mambo haya majina ya dibaji na tamati, na wanafunzi wa skuli huyakariri kwa ajili ya mtihani. Sisi tuliosoma vyuoni tunayatazama kwa jicho jingine. Mtu huyo amejitoharisha, ametia nia, amesimama mbele ya Mola wake, na mwisho ametoa salamu. Alichokitia katikati, kiwe ni wasia au kisa cha vita au khabari za mauti, kimezungukwa na ibada pande zote mbili, wala hawezi kukitia mle ndani tusi au uwongo ila ataona haya.

Na ule ufundi wenyewe una faida yake. Ubeti wa utenzi ni vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo hupatana kina, na cha nne huchukua kina kimoja kinachokwenda tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Kamba hiyo ya kina cha mwisho ndiyo iliyowawezesha watu wasiojua kusoma kuhifadhi beti mia na zaidi. Mtu akisahau ubeti, sikio lake humwambia ya kuwa pana pengo. Tena mwenye kuhesabu mizani hawezi kusema ovyo: lazima alipime neno kabla ya kulitoa, na kulipima neno ni nusu ya uchaji Mungu. Nimewaona wanafunzi wakorofi walioshindwa kutulia kwa bakora wakatulia kwa kutafuta neno la mizani mitatu.

Tuchukue mfano wa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja, na alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, ambao ni 1275 wa Hijra, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti mdogo, Mwana Hashima. Akamwita mtoto akae karibu naye, akamtungia utenzi wa beti kiasi cha mia. Siku hizi utenzi huo umekuwa uwanja wa mabishano: wengine wanaulaumu kwa yale aliyoyasema juu ya utiifu wa mke kwa mumewe, na wengine wanautetea. Mimi sitaingia humo. Ninalotaka ulione ni jambo ambalo wanaobishana huliruka, nalo ni kuwa sehemu kubwa ya mwisho ya utenzi ule si mawaidha, ni dua. Mama anamwombea mtoto wake na watu wake, anawaombea Waislamu, na anajiombea mwenyewe afueni na mwisho mwema. Kalamu ilianza kwa kuongea na binti, ikamalizikia kwa kuongea na Mungu, na wala huoni mahali ilipokatika. Mwana Kupona alifariki kiasi cha miaka miwili baada ya hapo, na binti yake aliishi mpaka karne ya 20. Nakala zikaenea katika majumba ya Lamu na visiwa vyake, mama akimsomea binti, na kila msomaji akawa anaitikia amin kwa dua ya mwanamke aliyekwisha kuzikwa.

Mfano wa pili ni wa kadhi. Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani alizaliwa Barawa, akawa kadhi wa Zanzibar zama za Sayyid Said, na alifariki mwaka 1869. Alikuwa bahari ya ilimu katika lugha ya Kiarabu. Mvua ilipokatika na watu wakawa katika dhiki, alitunga dua ya kuomba mvua kwa Kiswahili. Kwa nini kwa Kiswahili? Sala ya kuomba mvua inajulikana: rakaa mbili, na khutba, na imamu kuigeuza shuka yake. Hiyo haikuondoshwa wala haikubadilishwa. Lakini mkulima wa muhogo na mwanamke mwenye mtungi mtupu wangesimama nyuma ya imamu wakaitikia amin kwa maneno wasiyoyajua maana yake. Sheikh aliwatia dua ileile katika ulimi wao, ili mwenye kiu aiseme kiu yake mwenyewe. Ukijua cheo cha mtu yule katika Kiarabu, na jinsi baadhi ya wanavyuoni wa zama zake walivyoyaona maneno ya Kiswahili kuwa ni maneno ya sokoni, utaona ya kuwa unyenyekevu ule ulikuwa ni sehemu ya dua yenyewe.

Na kwa kuwa tumemtaja mtu wa Barawa, hapa tutakaa kidogo, maana mji huo una mengi ya kutufundisha katika jambo hili na watu wetu wengi hawaujui. Barawa ni mji wa kale wa mawe katika pwani ya Benadir, nchi ya Usomali, kusini ya Muqdisho. Wenyeji wake wana lugha yao iitwayo Chimini, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na Kiswahili: Muamu au Mtikuu akiisikiliza kwa utulivu hatakosa kushika maneno. Tenzi wao huziita *steenzi*. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mji ule mdogo ulijaa watungaji kuliko miji mingi iliyoushinda kwa ukubwa.

Aliye mashuhuri zaidi nje ya mji ni Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847. Alikwenda Baghdad akachukua ijaza ya tarika ya Kadiriya, akarejea kwao katika miaka ya 1880, akafika na Zanzibar zama za Sayyid Barghash ambaye alimpa heshima kubwa. Kasida zake zilikuwa za Kiarabu na za Kisomali, na mahala alipofika aliacha nyuma yake watu waliokaa duara wakamtaja Mungu kwa sauti. Makhalifa wa tarika hiyo waliingia mpaka bara ya Tanganyika. Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye udogoni mwake alikuwa mtumwa, akawa mwanachuoni na khalifa mkubwa wa Kadiriya mpaka kufa kwake mwaka 1931, na maulidi yake yalikusanya watu kutoka mbali. Watu waliokuwa hawana ukoo wa kuutaja katika baraza za waungwana walipata katika duara la dhikri mahali pa kukaa bega kwa bega na wenye ukoo. Sheikh Uways mwenyewe aliuawa Biyoley mwezi wa Aprili mwaka 1909, pamoja na wafuasi wake, kwa mikono ya watu wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, Waislamu kwa Waislamu. Huo ni msiba ambao hauishi kuuma.

Mwaka huo huo wa 1909 Barawa ilipata msiba wa pili, nao ni kufariki kwa Sheikh Nureni bin Ahmad Sabir. Na hapa ndipo linapoingia jina la bibi mmoja, Mana Siti binti Habib Jamaluddin, ambaye watu wote humwita Dada Masiti. Alikuwa sharifu wa ukoo wa Mahadali. Khabari za ujana wake husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini zote zinampeleka Unguja katika taabu na ugeni, kisha zinamrejesha Barawa, ambako aliishi maisha ya uchaji Mungu, katika tarika ya Kadiriya, mpaka akawa mkongwe sana. Utenzi wake ulio mashuhuri kuliko zote unafungamana na mauti ya Sheikh Nureni. Si utenzi wa kumsifu marehemu tu, kama walivyozoea watu kutunga katika matanga. Unamkumbusha kila msikilizaji mauti yake mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani ambayo mtoto mdogo anaifahamu. Dada Masiti alifariki mwaka 1919. Kaburi lake likawa la kuzuriwa kila mwaka, na katika mji uliokuwa na masheikh wengi wenye vilemba, ziyara ya bibi huyu ilikuwa miongoni mwa zile kubwa.

Pamoja naye walikuwapo Sheikh Qasim bin Muhyiddin, aliyetunga kwa Kiarabu na kwa Chimini na akafariki mwaka 1922, na Mwalimu Nuri, aliyeishi kutoka 1881 mpaka 1959. Huyu wa mwisho nampenda kwa sababu alikuwa ni mwalimu kama sisi. Aliwaona watu wa mji wake, khasa wanawake na watu wa kazi, hawana njia ya kuvifikia vitabu vya Kiarabu, naye akawatungia *steenzi* za itikadi na za fikihi: yanayomuwajibikia mtu kumjua Mola wake, na namna ya kuishika ibada yake. Mtu wa leo atasema: shairi la fikihi lina utamu gani? Basi na akae na wanawake wanaoliimba. Maana tungo hizo hazikuwa za kuwekwa kabatini. Wanawake walikusanyika majumbani wakaziimba kwa pamoja, na zaidi yao walikuwa hawajui kuandika hata jina lao. Aliyezihifadhi aliongoza, wengine wakapokea, na wasichana waliokaa pembeni wakazichukua bila ya kujua ya kuwa wamo darasani. Mwanamke aliyefanya hivyo kwa miaka ishirini alikuwa na mlango mzima wa dini kifuani mwake, na akiosha vyombo au akibembeleza mtoto ubeti unamjia wenyewe. Ukimuuliza alisoma wapi, atakwambia hakusoma.

Jambo hili la kutia ilimu katika nudhumu si la Barawa peke yake, wala si la kizushi. Ibn Raslan, aliyefariki mwaka 844 wa Hijra, alitunga Zubad, ambayo ni fikihi ya Shafii katika beti. Sheikh Ahmad al-Marzuqi wa Makka alitunga Aqidatul Awam, na imesimuliwa ya kuwa mwanzo wake aliusikia usingizini mwaka 1258 wa Hijra, yaani 1842. Watoto wetu wanaiimba mpaka leo vyuoni kwa sauti moja. Na Lamu, Sayyid Mansab, ambaye jina lake khasa ni Abubakar bin Abdurrahman, alisoma Makka na Hadhramaut, akawa kadhi, kisha akakaa akawatilia watu wake itikadi na Maulidi ya Barzanji katika mashairi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1922 akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini. Na kabla ya Sayyid Mansab, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate alikuwa ameshaifasiri Hamziyya ya Imam Busiri kwa Kiswahili cha kale, kila ubeti wa Kiarabu ukafuatwa na wa kwetu.

Huyu Busiri, kwa kuwa tumemtaja, alikuwa karani wa Misri katika karne ya 13. Burda, kama alivyosimulia mwenyewe, aliitunga alipopooza upande mmoja wa mwili wake. Alitunga, akaomba, akalia, akalala, akaota Mtume (S.A.W.) anampangusa na kumfunika shuka, akaamka na kusimama. Mtu asiyetaka kusadiki habari ya ndoto hatumlazimishi. Lakini hata yeye hatakataa ya kuwa kasida iliyoenea kuliko zote katika umma huu haikutungwa kwa ajili ya mashindano wala kwa ajili ya kumridhisha tajiri. Aliitunga mgonjwa kitandani pake.

Sasa tuseme kidogo juu ya matari, maana najua msomaji anangoja. Habib Saleh bin Alawi Jamalil-lail alitoka Ngazija akahamia Lamu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wake wa Riyadha. Aliwasomesha watu ambao wengi katika masharifu na waungwana wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha: watumwa, waliokwisha kuwa huru, na wageni wasio na kwao. Akaleta Maulidi ya al-Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali wa Seiwun, yakasomwa kwa matari. Wakubwa wa mji walichukia, wengine kwa sababu ya matari na wengine, tuseme kweli, kwa sababu ya wale waliokuwa wakiyapiga. Alipofariki mwaka 1935, maulidi ya Lamu yalikuwa yameshakuwa mkutano wa pwani nzima. Kwa upande mwengine, Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa karatasi za Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, aliwaonya watu na uzushi katika dini, na juu ya watu kushughulikia sherehe wakaacha ilimu na maendeleo. Wafuasi wa pande mbili hizi wamerushiana maneno kwa muda mrefu, mpaka imekuwa kana kwamba Sheikh Al-Amin hakuupenda ushairi, au kana kwamba Habib Saleh hakujali ilimu. Hayo si kweli. Riyadha ilikuwa ni chuo kabla ya kuwa ni sherehe, na Sheikh Al-Amin aliandika kwa Kiswahili kwa sababu ile ile iliyomfanya Mwalimu Nuri atunge kwa Chimini: ili maneno ya dini yamfikie mtu katika lugha yake. Ama matari, maulamaa wa madhehebu yetu wameyazungumza kwa urefu, na tofauti yao haitamalizwa na makala haya. Swali langu mimi ni jingine.

Ninauliza: ni nani anayetunga leo katika nyumba zetu? Kasida ziko nyingi kuliko wakati wowote. Zilitoka katika kanda miaka ya 1970 na 1980, zikaingia katika santuri ndogo, na sasa ziko katika simu ya kila mtoto. Zina vinanda, zina picha, zina wasomaji wenye sauti nzuri wanaoalikwa kwa malipo, na si haramu mtu kulipwa nauli yake. Lakini angalia lililopungua. Mvua ikikatika tunapelekeana dua iliyoandikwa na mtu tusiyemjua. Mtoto akisafiri, mzee akifa, mama akiugua, tunapelekeana kanda. Tumekuwa wasikilizaji wa haja za watu wengine. Mwana Kupona hakuwa mwimbaji. Alikuwa ni mjane mgonjwa mwenye mtoto. Sheikh Muhyiddin alikuwa kadhi wa mji wenye kiu. Kila mmoja alikuwa na haja yake, akaitafutia mizani, na katika kuitafutia mizani akajikuta anaitazama haja hiyo mbele ya Mola wake, neno baada ya neno, mpaka ikatulia. Kazi hiyo mtu hawezi kufanyiwa na mwenziwe, kama asivyoweza kutawadhiwa udhu wake na jirani.

Wala usinambie ya kuwa zama zimepita. Lamu yuko Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir, mashuhuri kwa jina la Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, aliyeushika uimamu wa Msikiti wa Pwani na akawa pia na tanuri lake la mikate. Katika miaka ya 1970 alitunga Wasiya wa Mabanati, wa kuwaonya mabinti na ulaghai wa wanaume, ukasomwa ukatiwa katika kanda, ukasikilizwa majumbani pwani yote. Ametunga tangu hapo juu ya mambo mengi ya siku, kwa mizani zile zile za wazee na kwa adabu ile ile ya kuanza kwa Bismillahi na kumaliza kwa kuomba radhi. Mtu anayekanda unga alfajiri na kusalisha watu baada ya hapo anajua vizuri yanayomsumbua mnunuzi wa mkate.

Walimu wenzangu wa vyuo wanaweza kulijaribu jambo hili bila ya gharama. Mpe mtoto aliyehitimu juzuu ubeti mmoja atunge, si wa mashindano, bali wa kumuombea mzazi wake. Mwambie aanze na jina la Mungu. Mwambie ahesabu mizani kwa vidole. Akikwama kwenye kina, usimpe neno. Mwache alale nalo. Utashangaa asubuhi amekuja na nini, na utashangaa zaidi ukimuuliza mzazi wake alifanya nini aliposomewa.

Na Barawa yenyewe? Vita vya ndani vya Usomali vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya watu wake. Walipanda majahazi wakaja Mombasa, wakakaa katika makambi ya wakimbizi kwa miaka, kisha wakasambaa: wengine London na Manchester, wengine Marekani. Nyumba za mawe zilibaki nyuma, na vitabu vingi vilipotea, na watoto waliozaliwa ugenini wanakijua Kiingereza kuliko Chimini. Lakini wale kina mama wasiojua kuandika hawakuwa na kitabu cha kuporwa. Walishuka jahazini na *steenzi* za Dada Masiti na Mwalimu Nuri kifuani, na walipopata nyumba katika miji ile ya baridi wakakusanyana tena, mmoja akaongoza, wengine wakapokea. Wataalamu walipotaka kuziandika tungo hizo ili zisipotee, na kitabu kikatoka mwaka 2018, hawakwenda kwenye maktaba peke yake. Walikwenda pia kuwasikiliza wenye kuziimba.